Nimependekezwa kusimamia mkataba wa mtandao na kompyuta hapa kazini. Nipokee au nikatae?

NjiaPanda (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni afisa TEHAMA kwenye chuo kimoja cha umma mkoani. Kazi yangu mnaijua: mtandao ukikata naitwa mimi, printa ya uhasibu ikigoma naitwa mimi, matokeo ya wanafunzi yasipopanda kwenye mfumo naitwa mimi. Kitengo kina watu wawili na mwenzangu yuko masomoni.

Chuo kimesaini mkataba na kampuni moja ilete kompyuta za maabara mbili, ilaze nyaya kwenye majengo manne, ifunge swichi za mtandao na raki (makabati ya kuzifungia), kisha ifanye matengenezo mwaka mzima. Juzi mkuu wa idara kaniita, kaniambia jina langu limependekezwa kuwa msimamizi wa mkataba huo. Barua ya uteuzi bado haijatoka, kwa hiyo nina siku chache za kusema neno.

Kazi zangu za sasa hazipunguzwi, na hakuna aliyetaja posho. Sikushirikishwa kuandaa vigezo vya vifaa wala kwenye tathmini ya zabuni, maana yake nitasimamia kitu nilichokikuta kimeshaandikwa. Tena namfahamu mtumishi mmoja wa taasisi nyingine aliyesaini kupokea vifaa, baadaye ikaonekana vingine havikufika. Kampuni ilishalipwa ikaondoka. Yeye mpaka leo anaitwa kujieleza.

Lakini mtandao huo ndio nitakaoishi nao miaka yote nitakayokaa hapa. Nikikataa, atapewa mtu wa utawala ambaye ni mwadilifu kabisa ila vifaa hivi havijui, na nyaya zikishafunikwa juu ya dari nani atazifumua?

Waliowahi kubeba jukumu hili, nishaurini. Na kama ni kupokea, nidai nini kabla?

Mtumishi Mtulivu

Dada, kataa. Kusimamia mikataba ni kazi ya kitengo cha ununuzi, wao ndio wamesomea na ndio wana bodi yao ya taaluma. Wewe mshahara ni ule ule, na hoja ya ukaguzi ikija itakuja na jina lako. Nimeona watu wazuri wakikosa usingizi kwa saini moja.

Dirisha la Ununuzi

Niko kwenye kitengo cha ununuzi, taasisi nyingine. Mtumishi Mtulivu naheshimu mchango wako, lakini hapo kwenye "kazi ya kitengo cha ununuzi" naomba tuelewane vizuri, maana mkanganyiko huu ndio unaoua mikataba mingi.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, pamoja na kanuni zake za mwaka huo, imegawa majukumu kama sheria ya 2011 iliyotangulia ilivyofanya. Kuna Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, kuna Bodi ya Zabuni, kuna sisi kitengo cha ununuzi, kuna idara tumizi, kuna kamati za tathmini. Kila mmoja ana kwake, na mmoja haruhusiwi kuingilia maamuzi ya mwenzake. Sisi tunatunza kumbukumbu za ununuzi, tunaandaa nyaraka, tunapitisha vitu kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao. Lakini mimi siwezi kusimama mbele ya raki nikajua kama swichi iliyofungwa ndiyo iliyoandikwa. Idara tumizi ndiyo iliyoomba kitu hicho, ndiyo inayojua kinatakiwa kifanye nini. Kwa hiyo wanaposema "wewe ndiye mtaalamu", kwa hilo hawajakuonea.

Kuhusu kukataa, wewe ni mtumishi wa umma na hili ni agizo halali la mwajiri. Kukataa kwa kusema "sitaki" kunaweza kukuletea shauri la nidhamu. Ukiwa na sababu ya kweli, itaje kwa maandishi: una undugu na mwenye kampuni, una hisa pale, mume wako amewahi kufanya kazi nao. Huo ni mgongano wa maslahi, unatakiwa utamkwe na unatosha kukuondoa. Kuzidiwa na kazi pia ni sababu, ila uonyeshe kazi gani itasimama.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba msimamizi wa mkataba hana mamlaka ya kubadili mkataba. Nakupa mfano unaotokea kila leo. Mzabuni anakuja na sura ya huruma anakuambia: "Mheshimiwa, modeli hii imeisha sokoni, nimewaletea ya juu zaidi kwa bei ile ile." Unaangalia, kweli ni nzuri, unasema sawa leta. Hapo umebadilisha mkataba peke yako. Pengine hiyo "ya juu" haina waranti hapa nchini, au leseni yake inalipiwa upya kila mwaka na hakuna aliyeitengea bajeti. Jibu lako linatakiwa liwe moja: andika barua kwa Afisa Masuuli, eleza sababu, ambatanisha vigezo vya zote mbili. Kazi yako ni kutoa maoni ya kitaalamu juu ya barua hiyo. Kuidhinisha ni kwa wenye mamlaka, baada ya utaratibu wa Bodi ya Zabuni na mwanasheria. Vivyo hivyo kwa muda na kwa bei.

Kwa hiyo dada, mimi nasema pokea, ila usipokee kwa mdomo.

NjiaPanda

Asante sana Dirisha. Hilo la modeli kuisha sokoni limeshaanza kusikika hata kabla kazi haijaanza, nilikuwa sijui lijibiwe vipi.

Nilisahau kusema: muda wa kukamilisha kazi ya kulaza nyaya na kuleta vifaa unaishia katikati ya Juni.

Mkaguzi Mstaafu

Mwanangu, hilo la Juni ulilolisahau ndilo zito kuliko yote uliyoandika. Niruhusu nikae nalo kidogo.

Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Fedha ya bajeti isipotumika inarudi Hazina, kila mkuu wa taasisi analijua hilo na linamuumiza. Kazi ikiwa imefika nusu, mzabuni amechelewa, na kompyuta bado ziko bandarini, ndipo mtu anayekuheshimu, tena mwenye nia njema na chuo, atakuja ofisini kwako na karatasi. Atakuambia: "Saini tu mapokezi tulipe, vitu vinakuja wiki ijayo, fedha ikirudi tutakosa kabisa na wanafunzi watakaa bila maabara." Hatakuwa mwizi. Ndiyo maana ni vigumu kumkatalia.

Nimekaa upande wa ukaguzi miaka mingi, nikuambie faili linavyosomwa. Mkaguzi anaanza na tarehe. Hati ya kupeleka mzigo ina tarehe yake, ripoti ya kamati ya ukaguzi na mapokezi ina yake, leja ya stoo ina yake, malipo kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali, yana yake. Halafu anashuka getini kuomba kile kitabu cha walinzi, kile chenye kurasa zilizokunjamana kinachoandikwa namba za magari. Kamati ikiwa imekagua Juni 27 na gari la mzigo likaingia Julai 9, hakuna haja ya kumhoji mtu. Karatasi zimeshasema.

Na sheria inasema nini? Kifungu cha 22 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinahusu kutumia nyaraka yenye maelezo ya uongo ili kumpotosha mwajiri. Kifungu hicho hakiulizi kama ulipewa bahasha. Halafu kuna kosa la kuisababishia mamlaka hasara, liko kwenye jedwali la Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, na humo uzembe nao umetajwa. Nimeona watumishi wasio na hata kiwanja wakisimama kizimbani kwa kosa hilo, kwa sababu walisaini kumsaidia bosi amalize mwaka.

Sasa, si kwamba chuo kinakosa njia. Kama mkataba unaruhusu malipo kwa awamu, kilichofika kikakaguliwa kinaweza kulipiwa na kilichobaki kikasubiri. Kuvusha bakaa kwenda mwaka mpya kuna taratibu zake, na anayezifuata ni Afisa Masuuli na mhasibu wake. Wewe unachotakiwa ni kuwapa taarifa mapema. Ikifika Mei ukaona dalili kwamba Juni haitafikiwa, andika dokezo lenye tarehe: kazi imefika hapa, kimebaki hiki, kwa kasi hii itaisha lini. Dokezo la Mei linampa mkuu wako nafasi ya kuhangaika. Ukinyamaza mpaka Juni 28 umemwachia njia moja tu, ile mbaya, na atakuja kukuomba muipite pamoja.

Hoja ikifika Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, anayejibu ni Afisa Masuuli. Lakini kabla hajasafiri kwenda Dodoma atageuka nyuma aulize nani alisaini. Hakikisha saini yako iko chini ya maneno ya kweli.

Nakuunga mkono upokee. Nchi hii ina mikataba mingi iliyosimamiwa na watu wema wasiojua wanachokisimamia, na hasara yake sijaiona tofauti na ya wizi.

Mtumishi Mtulivu

Mzee nimekuelewa, na shikamoo. Lakini tuseme ukweli: mtumishi wa daraja la kati anamwandikia dokezo mkuu wa chuo "kazi haitaisha". Mwezi unaofuata anahamishiwa kituo cha mbali. Nani atamtetea?

Mkaguzi Mstaafu

Marahaba. Hofu yako ni ya kweli na siidharau. Uhamisho upo, na kuna watu wameonewa hivyo. Ila ukiwa kituo cha mbali bado una kazi na jina lako ni safi. Sijui njia nyingine ya kuusema uamuzi huu isipokuwa kwamba mtu ajue mapema, kabla ya kupokea barua, kuwa siku hiyo inaweza kufika na yeye atafanya nini. Kama moyoni anajua hataweza kusema hapana mwezi Juni, aombe kuondolewa sasa. Hiyo nayo ni heshima.

Fundi wa Raki

Mimi nafanya kazi za kulaza mtandao, nimefanya na mabenki na taasisi za Serikali. Mengine mmeyasema, niongee ya mikono.

Dada, siku boksi la kwanza la nyaya likifika, kabla halijafunguliwa na mafundi wao, kata kipande wewe mwenyewe. Menya, toa uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Nyaya ya shaba tupu itabaki nyekundu mpaka ndani. Ile ya alumini iliyopakwa shaba itatoa weupe mara moja. Zinauzwa madukani zote zikiwa na maandishi ya Cat6 (daraja la nyaya za mtandao) juu ya boksi, ila boksi la alumini ni jepesi, ukilinyanyua utahisi. Viwango vya Cat6 vinataka shaba tupu. Alumini ina upinzani mkubwa zaidi wa umeme, inakatika ukiikunja, na ukiitumia kupeleka umeme kwenye kamera au visambaza WiFi inapata joto kwenye fungu. Siku ya kwanza itafanya kazi vizuri kabisa, ndiyo maana wengi wanapitishwa. Baada ya mwaka ndipo utaanza kuona matundu ya mtandao yanakufa moja moja, na waranti imeisha.

Pili urefu. Nyaya iliyolazwa ukutani kutoka raki mpaka soketi isizidi mita 90, na ukiongeza zile fupi za mwanzo na mwisho jumla isizidi mita 100. Kwenye vyuo vyetu majengo yako mbalimbali na mafundi wanapenda kuvuta nyaya ya shaba jengo hadi jengo ili kukwepa faiba. Angalia mchoro wa mkataba unasemaje, kisha pima.

Usikubali kupokea kwa kuangalia taa ya kijani inawaka. Dai ripoti ya kipimo kwa kila soketi kutoka kwenye kile kifaa cha kuthibitisha nyaya, siyo kile kijaribio kidogo chenye taa nane. Kifaa kinatoa ripoti yenye jina la soketi, urefu na matokeo. Soketi 160 ni ripoti 160. Na hakikisha mkataba unataja hilo. Kama hautaji, uliza mapema kwa barua kazi itathibitishwa kwa kipimo gani.

Dari lisifungwe kabla hujapita na kupiga picha.

Kompyuta ni rahisi zaidi. Usihesabu maboksi, washa mashine. Soma prosesa, kumbukumbu na diski kwenye skrini, linganisha na jedwali la mkataba, andika namba ile iliyobandikwa mgongoni mwa kila moja. Halafu fungua programu ya kusoma afya ya diski, itakuonyesha diski imewaka jumla ya saa ngapi. Diski mpya inasoma saa chache sana. Ukikuta maelfu ya saa, hiyo mashine imetoka ofisi ya mtu ikasafishwa ikatiwa kwenye boksi jipya.

NjiaPanda

Fundi, Mungu akubariki. Nimeangalia jedwali la vifaa usiku huu: limeandika "Cat6, ubora wa juu" basi. Halijataja shaba tupu wala ripoti ya kipimo.

Fundi wa Raki

Hiyo ndiyo shida ya vigezo kuandikwa bila mtumiaji. Lakini hujakwama. Cat6 ni kiwango chenye maana yake, na alumini haimo ndani ya kiwango hicho. Andika barua ya ufafanuzi kupitia kitengo cha ununuzi kabla mzigo haujaagizwa: chuo kinaelewa Cat6 ni shaba tupu kwa mujibu wa kiwango, na mzabuni athibitishe. Mzabuni makini atajibu siku hiyo hiyo.

Mzabuni Mdogo

Naomba na mimi niseme kutoka upande wa pili, maana hapa naona sisi wazabuni tunaongelewa kana kwamba wote tuna nia mbaya.

Dada, msimamizi asiyejua kazi ndiye anayenitisha mimi kuliko anayejua. Anayejua ananikagua leo, ananiambia soketi tatu zimefeli, narekebisha, anasaini kesho. Asiyejua anaogopa, hasaini wala hakatai, ankara inakaa mezani kwake wiki kadhaa, na mimi nimekopa benki kununua huo mzigo. Serikali ikichelewa kulipa, mkataba unaweza kuwa na kifungu cha riba, nayo ni hoja ya ukaguzi hivyo hivyo, ila hakuna anayemkumbuka msimamizi aliyekalia hati. Ukikubali kazi hii ujue kwamba kulipwa kwangu kwa wakati nako ni sehemu ya kazi yako.

Jingine ni maagizo ya pembeni. Nikiwa nimefika eneo la kazi, mkuu wa maktaba anakuja: "Niongezee soketi mbili hapa." Mhasibu naye anataka moja. Naogopa kuwakatalia ni wakubwa, naongeza. Mwisho nadai, naambiwa hazimo kwenye mkataba. Siku ya kukabidhi eneo kwa mzabuni, itisha kikao kifupi, wakuu wa idara wawepo, na itamkwe mbele yao kuwa maagizo yote yanapita kwako kwa maandishi. Utanisaidia mimi na utajisaidia wewe.

Na chai au nauli usichukue kwetu. Nasema hivi nikiwa mtoaji. Wengine wanatoa kwa ukarimu tu, lakini siku mkibishana juu ya soketi zilizofeli, chakula kile cha mchana kitakaa katikati yenu.

KauntiYetu

Salamu kutoka Mombasa. Nimesoma uzi wote na ni kama mnaongea kuhusu ofisi yetu.

Huku Kenya tunaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015. Kifungu cha 48 kinampa afisa mhasibu, yule mnayemwita Afisa Masuuli, nafasi ya kuunda kamati ya ukaguzi na upokeaji, mwenyekiti na wanachama wasiopungua wawili. Kandarasi ikiwa ngumu au ya kitaalamu, kifungu cha 151 kinataka timu ya utekelezaji, ndani yake mtu wa ununuzi, mtu wa idara iliyoomba na mtu wa ufundi. Kisha kifungu cha 152 kinamtaka mkuu wa ununuzi atoe ripoti ya maendeleo ya kandarasi zote kila mwezi kwa afisa mhasibu. Mabadiliko nayo yana mpaka: jumla yake haiwezi kuongeza bei ya kandarasi kwa zaidi ya asilimia 25 ya bei ya mwanzo.

Ninachotaka dada akione hapo ni neno timu. Mtu mmoja akisimamia peke yake ndiye anayeshikwa mkono na kila mtu. Mkiwa watatu, mkubwa akija na karatasi ya kusaini kitu ambacho hakijafika, kila mmoja ana mwenzake wa kusema naye hapana. Na huku sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003, kifungu cha 45, imetaja wazi malipo ya ulaghai kwa bidhaa ambazo hazikuletwa au hazijatimia, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema hakujua.

Omba timu, hata kama ni ya watu watatu.

Dirisha la Ununuzi

KauntiYetu umenena. Huku kwetu pia Afisa Masuuli anaweza kuteua zaidi ya mtu mmoja, na hakuna ubaya msimamizi kuliomba hilo. Naongeza tu: dada asikubali kuwa msimamizi wa mkataba na wakati huo huo kuibeba peke yake kamati ya mapokezi. Kazi anayoisimamia ikaguliwe na macho mengine.

Na jukumu hili liingie kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kama kazi yake rasmi, likiwa na muda wake. Mwaka ukiisha akapimwa kwa printa na matokeo ya wanafunzi peke yake, wakati nusu ya muda ulikwenda kwenye mkataba, atakuwa amepunjwa na mfumo hautakuwa na lawama kwa sababu haukuambiwa.

NjiaPanda

Wakuu, nimesoma kila mchango zaidi ya mara moja. Mzee, lile swali lako la kama nitaweza kusema hapana mwezi Juni nimelala nalo. Naamini nitaweza. Na nikiwa na timu nitaweza zaidi.

Nimeandaa barua ya kumpelekea mkuu wa idara kabla uteuzi haujatoka. Mtumishi Mtulivu, nimejitahidi isisomeke kama masharti ya mtu mwenye kiburi. Nimeandika hivi:

"Nashukuru kwa imani ya kunipendekeza kusimamia mkataba tajwa. Niko tayari kutekeleza jukumu hili. Ili nilitekeleze kwa ufanisi, naomba uteuzi ufanyike kwa barua ya Afisa Masuuli ikionyesha mipaka ya majukumu yangu na ninayeripoti kwake; nipatiwe nakala kamili ya mkataba, michoro na jedwali la vifaa na bei; waongezwe angalau wajumbe wawili, mmoja kutoka kitengo cha ununuzi na mmoja kutoka ujenzi na miliki; na nipunguziwe jukumu la matengenezo ya printa na kompyuta za ofisi kwa kipindi cha utekelezaji, au nipatiwe mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wa kunisaidia. Natamka kuwa sina maslahi yoyote na kampuni husika. Aidha, naomba mzabuni atakiwe kuthibitisha kwa maandishi aina ya nyaya na utaratibu wa kipimo kabla ya kuagiza vifaa."

Kuna la kuongeza au kupunguza?

Mtumishi Mtulivu

Imekaa vizuri dada. Mimi ningekataa, lakini barua hii hakuna atakayeisoma akasema una kiburi. Baki na nakala yenye muhuri wa masjala.

Mkaguzi Mstaafu

Usiondoe kitu. Anza na daftari la mkataba siku hiyo hiyo barua ikitoka: tarehe, nani alifika, kimefanyika nini, nani aliagiza nini. Liandike jioni hiyo hiyo, usingoje mwisho wa wiki.

Dirisha la Ununuzi

Ongeza mstari mmoja tu: nani atakaimu nafasi yako ukiwa likizo, ukiugua au ukiwa safarini. Mkataba una mwaka mzima wa matengenezo baada ya kukabidhiwa, na hapo ndipo wasimamizi wengi hupotea. Raki imefungwa, picha zimepigwa, kila mtu anadhani kazi imeisha, wakati mzabuni bado anadaiwa ziara za matengenezo na chuo bado kinalipia. Aliyekaimu naye asaini makabidhiano ya daftari, aonyeshwe ripoti za soketi ziko wapi, na ajue tarehe waranti inapoisha. Peleka barua kesho asubuhi kabla ya kikao cha menejimenti.